Mikono Adimu ya Fundi Kyule

Watu wa Mwingi walimjua Kyule kwa masikio yake. Ukimwita aje kuangalia friji, hakuanza kwa kuifungua. Alichuchumaa nyuma yake, akaweka kiganja juu ya ile mota nyeusi ya chini, akafumba macho na kuisikiliza inavyoguruma. Kisha alisema, "Gesi iko. Shida ni rilei," au, "Hii mota imechoka, usipoteze pesa zako." Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipokosea, alirudi bila kuitwa.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya malori, kando ya barabara ya Garissa. Ndani mlikuwa na makasha ya friji kuukuu, mitungi ya gesi, na kiti kimoja cha gari alichokiokota mahali akakifanya cha wageni. Mkewe, Syombua, alikuwa mtu wa Nunguni, kule juu Makueni kwenye ukungu na baridi, na miaka yote ya ndoa yao hakuacha kulalamikia joto la Mwingi. Walikuwa na binti mmoja, Kanini, aliyekuwa gredi ya sita. Hawakuwa watu wa kujikweza wala wa kuombaomba. Kyule hakuwa mlevi, na kanisani alikuwa ndiye anayetengeneza vipaza sauti vikikoroma.

Mwaka ule mvua ya Novemba ilikosa. Ukambani, mvua hiyo ikikosa, kila kitu hukaza. Mwenye bucha huacha friji yake ikiwa imeharibika na kununua nyama ya siku moja tu. Kyule alikaa kibandani asubuhi hadi jioni bila kuitwa na mtu, simu mkononi. Ndipo alipoanza kucheza poka, mchezo wa karata, kwenye simu hiyo.

Alianza kwa vidonge vya bure, vile vya kuwekea dau, ambavyo huwezi kuvibadilisha kuwa pesa. Alipoona anashinda, akaingia kwenye meza za pesa, akiweka kidogo kidogo. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona yeye peke yake, halafu karata tano huwekwa mezani wazi, tatu kwa pamoja, kisha mbili moja moja, na kila mtu hutafuta tano bora kati ya zake na zile za wote. Hizo tano ndizo huitwa mkono. Mkono wako ukiwa mbaya, unazitupa karata na kuacha ulichokwisha kuweka. Ukiwa mzuri, unaongeza pesa na kungoja aliye na ujasiri wa kukufuata.

Kyule alipenda kule kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi yake. Fundi wa friji hutia gesi, kisha hukaa kimya aone kama baridi itashika.

Kwenye kundi la wachezaji la WhatsApp alikutana na mtu wa Emali aliyeitwa Gachanja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Mombasa. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Gachanja alikuwa na sauti nzito ya mtu anayejiamini, na alipenda kutuma ujumbe wa sauti.

"Sikiza, Kyule," alimwambia siku moja. "Hizi karata si upepo. Ziko na ratiba. Mkono mkubwa ukikupita kwa muda mrefu, ujue uko njiani. Lakini lazima uweke rekodi. Mtu asiye na rekodi anacheza kwa giza."

Maneno hayo yalimwingia Kyule. Katika kazi yake, kila kitu kilikuwa na sababu. Mota haiwaki yenyewe na haizimiki yenyewe. Kwa nini karata ziwe tofauti? Akatengeneza jedwali kwenye simu yake na kuanza kuandika kila mkono adimu alioupata: karata nne zinazofanana, karata tano zinazofuatana za rangi moja, kama kopa tupu. Karibu na kila mkono aliandika tarehe, watu waliokuwa wamebaki mezani, na alichopata au kupoteza. Juu kabisa aliacha mstari mtupu. Huo ulikuwa wa ule mkono mkuu kuliko yote, ambao wachezaji huuita royal: kumi, jeki, kwini, kingi na esi, zote za rangi moja. Kuna watu hucheza miaka na miaka bila kuuona.

Hakulificha jedwali lake. Jioni moja, Kanini akiwa anafanya kazi ya shule, Kyule alimwonyesha mkewe kama mtu anayeonyesha cheti.

"Na hii ya Jumanne?" Syombua aliuliza.

"Hiyo ni saba nne. Haitokei ovyo, Mama Kanini."

"Ulipata nini?"

"Kidogo. Wenzangu walitupa mapema."

"Na hii hapa?"

"Hapo nilipigwa. Kuna mtu alikuwa na kubwa kuliko yangu."

Syombua alirudisha simu mezani. "Kwa hivyo unaweza kupata hizo karata zako kubwa na bado usipate kitu."

"Hiyo ni kwa sababu bado sijapata ile yenyewe. Ile yenyewe ikija, itakuja watu wakiwa mezani."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemweleza mteja kwamba kipuri kiko njiani kutoka Nairobi. Utulivu ule ulimwogopesha Syombua kuliko kama angemwona akigombana na simu.

Mvua za Machi zilikuja, si nyingi, lakini biashara ikapumua. Watu wakaanza tena kumwita fundi. Sasa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Kyule alikuwa akienda na kazi ikimkuta hayupo. Alikuwa akichuchumaa nyuma ya friji kama zamani, kiganja juu ya mota, lakini jicho lilikuwa kwenye simu aliyoiweka juu ya goti. Mwenye bucha mmoja alirudishiwa friji ambayo gesi ilikuwa ikivuja bado. Mwingine alingoja tangu asubuhi, akatafuta fundi kutoka mji wa Kyuso.

Abdiya hakutafuta fundi mwingine. Alikuwa mama wa makamo aliyehamia Mwingi kutoka Garissa na familia yake, na watu walimwita Mama Hani kwa jina la binti yake mkubwa. Aliuza maziwa ya ngamia. Yalimfikia kila alfajiri kwa gari kutoka kwa wafugaji wa upande wa Garissa, kwenye madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi, na friji yake kubwa ya kugandisha ilikuwa ikitunzwa na Kyule tangu alipoinunua. Mwezi wa Ramadhani ndio ulikuwa msimu wake. Waislamu wote wa mji walipita kwake kabla ya jua kuzama kununua maziwa ya futari, na wasafiri wa malori pia.

Siku moja kabla ya Idi, friji yake kubwa ilinyamaza. Ilikuwa imejaa. Kwa ajili ya sikukuu alikuwa ameagiza maziwa mara mbili ya kawaida, na mengine ameyakopa kwa wafugaji kwa kuaminiwa. Kyule alikuja mara moja asubuhi ile. Alisikiliza, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa kidude cheusi cha kuwashia mota, kilichoungua.

"Ni rilei tu, Mama Hani. Kibandani niko na nyingine. Usifungue mlango, baridi itakaa. Narudi sasa hivi."

"Haya, fundi. Ndio maana nakupenda wewe. Wengine wanakuja na maneno mingi."

Kyule alirudi kibandani na rilei ile mbovu mkononi. Aliipata mpya kwenye kopo, akaiweka mfukoni. Hapo simu ikatetemeka. Mashindano aliyokuwa amejiandikisha yalikuwa yanafunguliwa. Alijiambia atakaa mezani raundi moja tu, ili jina lake lisifutwe. Akaketi kwenye kiti cha wageni.

Bati la kibanda lilikuwa likilia kwa joto. Wachezaji walikuwa wakitolewa mmoja mmoja, na yeye hakuwa akitolewa. Alikuwa ameiweka simu isipokee mtu akiwa kwenye mchezo. Mara kadhaa alikumbuka friji, na kila mara aliona kuwa akiondoka wakati huo atapoteza yote aliyoyajenga tangu asubuhi. Adhuhuri ikapita. Wavulana wa stendi wakanunua chakula, wakala, wakalala chini ya malori.

Kisha akapewa esi na kingi, zote za kopa.

Karata tatu za kwanza zikafunguliwa mezani: kwini ya kopa, kumi ya kopa, jeki ya kopa.

Kyule hakuelewa mara moja alichokiona. Alizihesabu kwa kidole bila kugusa kioo, kumi, jeki, kwini, kingi, esi, akahisi damu ikimpanda shingoni. Alijilazimisha atulie. Hakuongeza kitu, akaacha zamu ipite, ili wenzake wasishtuke. Wao pia wakaacha. Karata ya nne ikafunguliwa, haikuwa na maana yoyote. Akaweka kiasi kidogo sana, kama mtu anayekohoa tu ili ajulikane yupo.

Wa kwanza akatupa karata. Wa pili akatupa. Wa tatu akakaa kidogo, kisha naye akatupa.

Basi. Mkono ukaisha. Aliambulia vile vidonge vichache vya kuanzia ambavyo kila mtu huweka mezani bila kutaka. Hakuna hata aliyejua alikuwa ameshika nini. Meza iligawa karata nyingine papo hapo, mbili, nyekundu na nyeusi, bure kabisa.

Kyule alipiga picha ya historia ya mkono ule. Akainuka, mashindano yakiendelea bila yeye. Alikuwa na haja moja tu duniani, kumwambia mtu. Alitoka kibandani, akapita katikati ya malori, na miguu yake ikampeleka mahali alipokuwa ametarajiwa siku nzima, ingawa yeye hakuwa akifikiria hivyo. Alipofika alikuwa anatabasamu.

Abdiya alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya duka lake. Mlango wa friji ulikuwa wazi nyuma yake. Madumu yalikuwa yametolewa na kupangwa kwenye kivuli, vifuniko vimefunguliwa, na harufu ilimfikia Kyule kabla hajasema neno.

"Mama Hani, angalia," alisema, akimnyooshea simu. "Nimeipata. Ile kubwa yenyewe."

Abdiya aliitazama simu. Kisha akamtazama usoni.

"Fundi, iko wapi ile kitu ya friji?"

Hapo ndipo Kyule aliposikia uzito wa rilei mfukoni mwake.

Abdiya hakupaza sauti. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka. "Nimekupigia mpaka simu yangu ikaisha chaji," alisema. "Nimemtuma Hani kwa kibanda, akasema hukuinua kichwa. Alikuita mara mbili."

"Pengine yatafaa kwa susa," Kyule alisema, kwa maana aliyajua maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, ambayo watu huyapenda.

"Susa ina njia yake. Hii ilikuwa imeganda, ikayeyuka kwa joto, ikakaa ndani ya sanduku. Hii si susa. Mimi siwezi kumpa mtu aliyefunga hii."

Binti yake alikuja, wakaanza kuyamwaga kwenye mtaro. Kyule aliinama kushika dumu, Abdiya akamzuia kwa mkono. Basi akasimama tu. Mbwa wakaja. Muda wa kufuturu ulikuwa ukikaribia na wateja wakaanza kufika, wanawake na watoto wenye chupa, mzee mmoja na birika. Kila aliyefika, Abdiya alimwambia maneno yale yale: "Leo hakuna. Mashine iliharibika." Hakumwonyesha Kyule kwa kidole. Hakusema fundi yuko hapa. Kyule aliyasikia maneno hayo tena na tena, na kila mara alitamani amtaje.

Mwishowe Abdiya alimgeukia. "Weka hiyo kitu hapo juu ya meza. Mtu mwingine ataifunga."

"Nitakulipa, Mama Hani. Kidogo kidogo, nitalipa yote."

"Sijasema unilipe. Nilitaka urudi vile ulisema."

Njiani kwenda nyumbani, simu ililia, ujumbe umeingia. Alikuwa amemtumia Gachanja ile picha. Sauti ya Gachanja ilijaa shangwe: "Hongera, ndugu yangu! Ulikamua ngapi?" Kyule akajibu. Gachanja akatuma tena: "Pole. Lakini usijali. Sasa ratiba inaanza upya."

Na Kyule akaendelea kucheza. Hilo ndilo Syombua alishindwa kulielewa, na hata Kyule mwenyewe hakuweza kulieleza. Mji wote ulijua habari za maziwa. Syombua aliambiwa sokoni na mwanamke aliyedhani anajua tayari. Kazi zikapungua, kisha zikakoma, na kadiri zilivyopungua ndivyo alivyopata muda wa kucheza.

Siku moja alilipanga jedwali lake upya. Badala ya tarehe, alilipanga kwa kile ambacho kila mkono ulileta. Alilitazama kwa muda mrefu. Mikono yote adimu, ile aliyoikumbuka mmoja mmoja kama watoto waliozaliwa, ukiijumlisha haikuwa imeleta kitu cha maana. Ambayo haikuwa imeandikwa popote ni mikono ya kawaida, ile midogo ya kila dakika aliyoicheza huku akingoja mikubwa. Huko ndiko kila kitu kilikuwa kimepotelea. Ni kama mtu anayeandika siku za wageni tu, halafu anashangaa unga wa nyumba umeisha vipi.

Akaituma hesabu ile kwenye kundi. Gachanja peke yake ndiye aliyesema: "Rekodi yako ni fupi. Ongeza mikono."

Kuijua kweli hakukumsaidia kama alivyotarajia. Alifunga jedwali, akafungua mchezo.

Wiki chache baadaye, ujumbe ulikuja kwenye kundi kutoka kwa namba ya Gachanja. Haukuwa wa sauti. Kyule aliusoma akiwa kibandani.

"Mimi naitwa Wangui, bibi ya Gachanja. Duka limeuzwa na yeye bado anasema karata zinakaribia. Tumemnyang'anya simu, yuko kwa kina mamake. Tafadhali msimtafute. Na nyinyi mlio na watu nyumbani, waambieni kama hawajui."

Mtu mmoja akaweka picha ya mikono iliyokunjwa kuomba, na mwingine akauliza nani yuko mezani.

Kyule alifunga kibanda mchana huo. Alimkuta Syombua akichambua pojo uani, akaketi mbele yake chini, si kwenye kiti.

"Mama Kanini, kuna mambo hujui."

"Sema."

Akasema yote. Alisema kuhusu mashine ya kutilia gesi ambayo alikuwa ameiuza na kumwambia imeazimwa. Alisema kuhusu akiba yao ya chama, iliyoishia kwenye karata. Syombua aliendelea kuchambua pojo mpaka mikono yake ikasimama yenyewe. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akafuta uso kwa leso.

"Na ukiacha leo, kesho utaanza?"

"Sijui," Kyule alisema. "Ningekuambia hapana, lakini sijui."

Jibu lile lilimuuma Syombua, lakini baadaye alisema ndilo lililomfanya asifunge virago. Angeapa, asingemwamini.

Kakake Syombua, Mutunga, alikuwa mwanachama wa ushirika mdogo wa maziwa kule Nunguni. Walikuwa na tangi la kupozea, na aliyelitunza alikuwa ameondoka. Mutunga hakuwa na furaha ya kumchukua shemeji yake. Alimwambia kwenye simu, bila kuzunguka: "Ukichezea maziwa ya watu wa huku, mimi ndiye nitahama." Lakini alimchukua. Kyule akapanda kwenda Nunguni peke yake, na simu ya vitufe isiyo na intaneti. Syombua akabaki Mwingi mpaka Kanini amalize mwaka wa shule.

Kabla ya kuondoka alikwenda kwa Abdiya kuaga. Friji ilikuwa inafanya kazi. Fundi wa Kyuso alikuwa ameitengeneza. Kutoka mlangoni Kyule alisikia mota ikiguruma kwa sauti ya juu kidogo, na alijua feni ilikuwa inagusa mahali. Alitaka kusema. Abdiya alimsalimu, akamuuliza habari za mtoto, akamtakia safari njema. Hakumkaribisha ndani.

Nunguni kuna baridi inayoingia mifupani. Asubuhi wakulima hushuka na madumu yao ukungu ukiwa bado juu ya barabara, na Kyule huwapokea, hupima, huonja, hukagua kipimo cha tangi. Hachezi. Ni miezi sasa. Lakini watu wakidhani ameponywa, wanakosea. Anaona karata hata asipotaka. Gari likipita na namba zinazofuatana, moyo humruka. Kuna siku alimwita mteja jina lisilo lake kwa sababu kichwani alikuwa mezani, akiamua aongeze au atupe. Mutunga hupita karibu na chumba cha tangi mara nyingi kuliko inavyohitajika, na Kyule hujifanya haoni.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, Syombua alikuja. Kanini alibaki kwa shangazi yake akimalizia masomo ya likizo. Mume na mke waliketi kwenye benchi nje ya jengo la maziwa, Syombua amejifunga shali mbili, akicheka kwamba amesahau baridi ya kwao. Alimwambia kwamba Kanini alikuwa ameshiriki mashindano ya michezo ya kuigiza, na mwalimu alikuwa amemtumia picha.

Akatoa simu yake kwenye mkoba, ile kubwa ya kioo, akaifungua na kumpa.

Kyule aliinua mkono kuipokea, kisha akaushusha. Akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti.

"Shika wewe," alisema. "Nitaangalia tu."

Syombua alimtazama. Alisogea karibu zaidi kwenye benchi, akaishika simu mbele ya uso wa mumewe, na kwa kidole chake mwenyewe akaanza kumpitishia picha moja moja.